Maswali mnayoniuliza kila Jumamosi: hedhi, damu, ngozi na mengine ya mwili wa binti

Mi ni muuguzi, naishi Moshi, na Jumamosi mchana nakaa na mabinti wa sekondari, wengine wa hapa hapa mjini wengine wanashuka kutoka Kibosho na Old Moshi, alafu mara moja kwa mwezi naenda Arusha kwenye kundi la pili. Tuna boksi la viatu tumelitoboa juu, unaandika swali bila jina unatumbukiza. Karatasi zinakuja zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama punje ya hindi, na nikizifungua maswali ni yale yale, mwaka huu na mwaka jana. Nimeyakusanya hapa. Soma lako tu kama una haraka, na kama kitu nimeshakieleza sehemu ingine nitakwambia uende wapi.

Ila kabla hujaanza tafuta kadaftari kadogo, hata ka kurasa 32 ka dukani. Andika tarehe damu ilipoanza, tarehe ilipoisha, na pedi ngapi umetumia kila siku. Basi. Nitakataja mara nyingi huko chini, maana nimeona mabinti wengi wanafika kwa daktari wanaulizwa "lini ulianza?" wanasema "sikumbuki", anaondoka na Panadol. Binti mwenye tarehe zake anasikilizwa tofauti kabisa.

## Kuvunja ungo na siku zako

Nina miaka 14, wenzangu wote wameanza, mimi bado. Nina shida?

Hapana. Wengi wanaanza wakiwa na miaka 11 mpaka 14, wapo wa miaka 9 na wapo wanaofika 15. Kawaida matiti ndo yanatangulia, hedhi inakuja kama miaka miwili mitatu mbele. Muulize na mama yako alianza lini, maana mara nyingi mnafanana.

Wa kwenda hospitali ni huyu: ana miaka 13 na matiti hayajaanza kabisa, au amefika 15 hajaona hedhi, au imepita miaka mitatu tangu matiti yaanze na bado. Na yupo mwingine ambaye watu wanamsahau, yule ambaye kila mwezi tumbo la chini linamuuma siku kadhaa lakini damu haitoki. Huyo asisubiri miaka 15, inawezekana njia imeziba na damu inajikusanya ndani, wakiiona mapema wanairekebisha kwa upasuaji mdogo tu.

Mzunguko wangu haueleweki, mara siku 23 mara siku 40. Ni ugonjwa?

Miaka miwili mitatu ya mwanzo ni kawaida, mwili bado unajifunza. Kwa binti wa umri wenu mzunguko wa siku 21 mpaka 45 tunauchukulia uko sawa. Unahesabu kuanzia siku ya kwanza ya kuona damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata, sio kuanzia ilipoisha, hapo wengi ndo mnakosea alafu mnapata presha bure.

Kuhama shule, kuingia bweni, mitihani ya fomu foo, kukonda ghafla, kuumwa malaria, vyote vinaweza kuisogeza. Ikipita miezi mitatu mfululizo hujaona kitu nenda kituo cha afya na daftari lako. Na kama umeshakutana na mwanaume hata mara moja, pima mimba kwanza, usikae ukihesabu siku peke yako usiku unalia, majibu unayapata dakika hizo hizo. Hizi programu za simu za kuhesabu siku ni nzuri kwa kukumbusha ila zinakisia tu, na "siku salama" inayoonyeshwa humo kwa binti ambaye mzunguko bado unayumba haina usalama wowote.

Nitajuaje kama damu ninayotoa ni nyingi kupita kiasi?

Hili ndo swali ningependa niulizwe zaidi ya yote na ndo linaulizwa kidogo, maana binti anadhani kila mtu anatoka hivo hivo kama yeye.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, unajua baridi ya hapa mwezi wa saba na mawingu hayafunguki mpaka saa saba mchana, alikuja binti mmoja wa kidato cha pili amevaa shati jepesi la shule, sweta amelifunga kiunoni. Mikono imejaa vipele vya baridi, anatetemeka. Nikamwambia mwanangu vaa sweta. Akakataa. Tukakaa, watu wakaondoka, ndo akaniambia yupo siku ya tisa na sketi imeloa. Nikashusha kope ya chini ya jicho nikaangalia kwa ndani, pale panatakiwa pawe pekundu, pake palikuwa peupe kama karatasi. Alikuwa ameshaanguka mstarini asubuhi mara mbili na wakasema ni njaa, hajanywa chai. Tulipompima damu ilisoma 7. Ya kawaida kwa umri wake inaanzia 12.

Kwaiyo tazama haya kwenye daftari lako. Pedi inaloa yote ndani ya saa moja au mbili na inajirudia hivo. Unatoka zaidi ya siku saba. Unavaa pedi mbili kwa pamoja ndo utulie. Unaamka usiku kubadilisha. Unatoa mabonge makubwa kuzidi sarafu. Hata moja tu kati ya hayo, likiwa la kila mwezi, ni sababu tosha ya kwenda hospitali, na uombe wapime wingi wa damu, usisubiri wakuambie wao. Ukiwa Moshi kuna hospitali ya Mawenzi, Arusha kuna hospitali ya Mount Meru, lakini hata kituo cha afya cha kata wanaweza kuanza na hicho kipimo.

Mwambie daktari pia kama pua zinatoka damu mara kwa mara, fizi zinavuja ukipiga mswaki, au uling'oa jino damu ikagoma kukata. Kuna watu wamezaliwa na damu isiyoganda vizuri, wala hawajui mpaka wavunje ungo. Uliza kama mama au shangazi walikuwa hivo.

Tumbo linaniua kila mwezi, nyumbani wanasema ni chango, nikizaa litaisha. Nifanyeje?

Usizae kwa ajili ya kutibu tumbo. Mfuko wa uzazi unatengeneza kemikali inaitwa prostaglandini ili ujibane na kusukuma damu itoke, ikiwa nyingi unabana sana, ndo yale maumivu yanayoshuka mpaka mapajani, na ndo kisa cha kutapika na kuharisha.

Ibuprofeni, ile wengi tunaita Brufen, inazuia hiyo kemikali isitengenezwe, kwaiyo inafanya kazi vizuri ukiiwahi, damu ikianza tu au maumivu yakianza kunong'ona, sio umeshajikunja kitandani. Kula kwanza. Uliza kipimo chako duka la dawa, mwambie umri na uzito. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au figo asiitumie bila kuuliza, atumie Panadol. Na hili naliona sana, mtu anameza Brufen haijamsaidia nusu saa anaongeza Diclopa juu yake. Ndani ya Diclopa kuna dawa ya kundi lile lile la Brufen, zote zinapiga tumbo, usizichanganye. Aspirini achana nayo, inaongeza kutoka damu.

Chupa ya maji ya moto uifunge kwa kanga uweke chini ya kitovu, inasaidia kweli sio maneno ya bibi tu. Kutembea tembea nako kunasaidia.

Ila kama umewahi dawa na umekula na bado unakosa shule kila mwezi, au maumivu yanakuja hata siku ambazo hutoki damu, hiyo sio ya kuvumilia, kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi (nyama kama ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake) ambao wanawake wengi wamechelewa miaka kuugundua kwa sababu kila waliemwambia aliwajibu ni chango. Nenda na daftari.

## Pedi, vitambaa na usafi

Pedi nibadilishe baada ya muda gani? Mimi natumia moja kutwa maana hela hamna.

Kila saa nne mpaka sita, isizidi nane hata kama damu ni kidogo, maana ikikaa inanuka, inachubua na inaleta miwasho.

Na hela hamna naelewa, naelewa sana. Nimesoma bweni, shule siitaji, na kulikuwa na msimu godoro langu lilipungua upande wa miguuni mpaka nikawa nalala miguu imegusa chaga, kwa sababu nilikuwa nakata sponji kipande kipande. Hatukuwa wawili watatu. Usitumie sponji, haioshwi ikatakata, na vipande vinaweza kubaki ndani. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018 alafu ikairudisha 2019, kwaiyo bei mnayoiona dukani ndo hiyo.

Kitambaa cha pamba kinafaa kabisa na sio aibu. Kanga iliyochakaa ni pamba laini, inanyonya, kata, kunja tabaka nne tano, shona pembeni. Zipo na pedi za kufua zilizoshonwa tayari, ukitunza zinakaa hata mwaka na zaidi. Loweka kwanza kwenye maji ya baridi, ya moto yanaligandisha doa, alafu fua na sabuni, suuza sana, anika juani.

Nikianika nje watu wataona. Nikianika ndani hazikauki.

Hili ni la kwetu huku, mtu wa Dar hawezi kulielewa. Mwezi wa sita mpaka wa nane kitambaa kinaweza kukaa siku tatu na bado kina unyevu, alafu binti anakificha chini ya godoro, anakivaa hivo hivo kibichi, wiki inayofuata anakuja na fangasi.

Anika kwenye kamba ya nje, weka kanga nyepesi juu yake, upepo unapita na jua linapita, jirani haoni kitu. Kama jua limegoma kabisa, kamua ndani ya taulo kavu, ning'iniza jikoni mbali na moshi, alafu malizia na pasi ya moto pande zote mbili mpaka kisitoe mvuke tena. Pasi inaua na vijidudu. Na chupi ni hivo hivo.

Kikombe cha hedhi kinatoa bikira?

Bikira ni mtu ambaye hajafanya tendo, kikombe sio tendo. Kile kingozi kinaweza kutanuka au kuchanika kidogo hata kwa michezo, na wengine wamezaliwa nacho kidogo sana. Kikombe kinakaa ukeni kukinga damu mpaka masaa 12, unamwaga, unaosha, unachemsha mwisho wa siku zako. Kama shuleni kwenu maji ni ya foleni na choo hakina mlango, anza na pedi kwanza.

Natokwa na ute mweupe, chupi inaloa. Ni ugonjwa?

Mara nyingi sio. Ute mweupe kama maziwa au unaovutika kama ute wa yai, hauwashi na haunuki vibaya, ndo uke unavyojisafisha wenyewe, na unaongezeka katikati ya mzunguko. Ukikauka kwenye chupi unakuwa na unjano kidogo, usiogope.

Ugonjwa unaonekana hivi: ute mzito kama maziwa mgando yaliyokatika na muwasho mkali, hiyo mara nyingi ni fangasi. Ute wa kijivu mwepesi wenye harufu ya samaki, hiyo ni bakteria wamezidi. Wa kijani, au una damu nje ya siku zako, au una maumivu ya tumbo la chini na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa zake ni tofauti, kwaiyo kuazima dawa ya rafiki aliyepona hakusaidii.

Na usioshe ndani. Wala vidole, wala sabuni, wala maji ya limao, wala shabu. Nje tu, kwa maji. Ndani kuna bakteria wazuri ambao ndo walinzi, ukiwaosha unafungua mlango kwa wabaya.

Duka la dawa wameniambia nina UTI. Mwezi uliopita pia. Na dada yangu pia.

Mkojo unaochoma, kwenda chooni kila dakika, tumbo la chini kuuma, hizo ni dalili, lakini kuambiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) bila kupima mkojo ni kubahatisha. Wengi wanaokuja kwangu na "UTI sugu" wana fangasi au miwasho ya sabuni, rudi swali la juu uone tofauti. Wamekunywa antibayotiki mara tatu nne, na antibayotiki zenyewe ndo zinazidisha fangasi. Pima kwanza, ukipewa dozi maliza. Ukiwa na homa na mgongo unauma ubavuni usikae nyumbani.

Jipanguse kuanzia mbele kwenda nyuma. Kunywa maji. Na najua mnabana mkojo kutwa nzima kwa sababu vyoo vya shule havitamaniki, hilo ni la wazazi kuuliza kwenye kikao cha shule, tafadhali wazazi ulizeni.

## Damu na chakula

Nina kizunguzungu, nachoka, moyo unaenda mbio nikipanda ngazi. Nile nini niongeze damu?

Kwanza pima, maana kizunguzungu kina sababu nyingi. Ikiwa kweli damu imepungua tafuta na kinachoipunguza, kama ni hedhi nzito rudi kwenye swali la damu nyingi, kama ni minyoo utapewa dawa yake.

Binti wa miaka 14 mpaka 18 anahitaji kama miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, kuzidi kaka yake, maana kila mwezi anapoteza. Chuma cha nyama kinaingia mwilini kirahisi kuliko cha majani: maini, nyama nyekundu, dagaa, na kwa sisi wa huku kisusio (supu ya damu ya mbuzi), ukikipata pale nyumbani wakichinja usikiache kwa wanaume peke yao. Cha mimea kipo kwenye maharage, choroko, mnafu, mchicha, matembele, ila kinahitaji kusindikizwa na vitamini C, kwaiyo kula chungwa, pera, papai au kamulia limao kwenye mboga.

Sasa chai. Hapa ndo tunajiharibia. Sahani ya makande au ndizi na maharage, pembeni kikombe kikubwa cha chai ya rangi, sio? Majani ya chai yanakamata kile chuma tumboni na kinatoka nacho. Hata kahawa. Sikukatazi chai, mi mwenyewe nainywa, kunywa saa moja kabla au saa moja na nusu baada ya kula. Yule binti wa sweta alikuwa anakula mnafu na maharage karibu kila siku kutoka shambani kwao, mama yake alishangaa kweli, "mbona anakula mboga?" Tulipouliza chai, anakunywa asubuhi, mchana na jioni, pamoja na chakula. Alitibiwa hedhi, akapewa vidonge vya madini ya chuma, chai ikasogezwa, mwezi wa kumi alinionyesha kope mwenyewe bila kuombwa.

Vidonge vya chuma vinafanya choo kiwe cheusi, sio ugonjwa. Na vinaendelea kama miezi mitatu hivi hata ukijisikia umepona, ili ghala lijae. Juisi ya rozela inywe kwa raha zako, ila isiwe badala ya dawa.

Kwanini natamani kula udongo wa pemba? Na mwenzangu anatafuna barafu.

Hamu ya udongo, barafu, mkaa au mchele mbichi mara nyingi ni mwili unaokosa chuma. Usijifungie kujilaumu, pima damu. Udongo wenyewe unazuia chuma kuingia na unaweza kukupa mayai ya minyoo, kwaiyo unazunguka pale pale. Chuma kikirudi hamu inapungua yenyewe.

Nataka kupungua, nimeacha kula mchana na usiku.

Usiache. Miaka hii ndo mifupa inajenga akiba ya maisha yote, inataka maziwa, mgando, dagaa, na kutembea. Ukianza kukosa hedhi kwa sababu ya kujinyima, mwili umeshazima baadhi ya vitu kubana matumizi. Na kama unakula alafu unajitapisha, au unalia kila ukijiangalia kwenye kioo, niambie mimi au matroni au mtu mzima unaemwamini, hilo lina msaada wake na sio tamaa wala ujinga.

## Ngozi na meno

Chunusi zimejaa usoni, nipake nini? Rafiki kaniletea krimu inang'arisha.

Homoni zinaongeza mafuta, vinyweleo vinaziba. Osha uso mara mbili kwa siku, sabuni laini, usisugue. Usizitumbue, ndo zinaacha yale madoa meusi. Duka la dawa ulizia ya benzoili peroksaidi, paka kidogo, subiri wiki sita mpaka nane ndo uhukumu.

Hiyo ya kung'arisha rudisha. Mikorogo mingi ina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, wiki mbili unang'aa na mwezi wa tatu ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zimezidi, na zebaki inaenda mpaka kwenye figo.

Natokea Arumeru, meno yangu ni ya brauni, nacheka nimeziba mdomo. Yatasafishika?

Sio uchafu na wala hukosi mswaki, nataka ulijue hilo kwanza. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingine vya huko vinazidi sana. Rangi inaingia wakati jino linajengwa ndani ya fizi, kabla ya miaka kama 8, kwaiyo kusugua na mkaa, majivu au stilwaya hakuitoi, unakwangua jino tu. Daktari wa meno anaweza kupunguza au kufunika madoa.

Wa kuokoa sasa ni wadogo zako. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua ndo inazidi. Maji ya mvua yana kidogo sana, yakingeni. Zipo chujio za mkaa wa mifupa, kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Na magadi kwenye makande na loshoro yapunguzeni, yana floraidi pia.

## Chanjo

Ile chanjo ya shuleni ya mlango wa kizazi, ni kweli inafunga uzazi?

Sio kweli. Inazuia kirusi cha HPV, ambacho ndo kinasababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na hiyo ndo saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Nimewauguza, siwezi kulisema hili kwa utani. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndo ulianza kwa majaribio 2014, nchi nzima ikafuata 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Mabinti wa mwanzo wa Kilimanjaro sasa ni watu wazima, wengine wana watoto.

Inatolewa mapema kwa sababu inakinga, haitibu. Mkono utauma siku moja mbili, wengine kizunguzungu, kaa dakika 15 kabla hujaondoka. Ukishakuwa mkubwa utahitaji pia kupimwa, kawaida kuanzia miaka 30.

## Yale mnayoyaandika kwa herufi ndogo

Titi moja ni kubwa kuliko lingine, na nimegusa kitu kigumu.

Kutolingana ni kawaida. Kigumu chini ya chuchu wakati matiti yanaanza ni kawaida pia. Kivimbe kinachoteleza ukikigusa kwa umri wenu mara nyingi sio saratani, ila onyesha, hasa kikikua.

Nalia tu bila sababu, sitaki kuongea na mtu.

Ikija siku chache kabla ya hedhi na kuondoka, andika kwenye daftari uone kama ina mpangilio. Lala, umri wenu unahitaji saa 8 mpaka 10, na simu ilale chumba kingine. Ikikaa zaidi ya wiki mbili, au unawaza kujiumiza au kufa, usisubiri Jumamosi, mwambie mtu mzima leo au piga 116, ni simu ya bure ya watoto.

Nasikia wanapanga kunikeketa likizo. Nifanye nini?

Ukeketaji kwa binti chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria ya mwaka 1998, kifungo kinaweza kufika miaka 15. Unaleta kutoka damu mpaka kufa, maambukizi, na shida wakati wa kujifungua, hauna faida hata moja. Piga 116, au mwambie mwalimu, ofisa ustawi wa jamii wa kata, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Sema mapema kabla shule hazijafungwa, ikishafungwa ni ngumu kukufikia. Kama ulishafanyiwa, wengine mlifanyiwa mkiwa wachanga kabisa, hujakosea kitu, na kama mkojo au hedhi inatoka kwa shida njoo hospitali utasaidiwa.

Mtu amenilazimisha. Sijamwambia yeyote.

Pole sana mwanangu. Sio kosa lako, hata kama ulienda kwake kwa miguu yako. Nenda hospitali sasa, ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi, na ya kuzuia mimba, inafanya kazi zaidi ukiwahi. Usioge kwanza kama unaweza, nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Fomu ya polisi ya PF3 isikucheleweshe, matibabu yanatangulia. Hata kama saa 72 zimepita bado nenda.

Mimi ni baba, mke wangu alifariki, nina mabinti wawili. Naanzaje?

Swali hili lilikuja kwa mwandiko wa mtu mzima, karatasi haijakunjwa. Baba, usimwachie shangazi peke yake. Anza kabla hawajavunja ungo, kama miaka 9 au 10, na sio kikao, sema tu mkiwa mnaosha vyombo: "Siku ukiona damu usiogope, kabatini kuna pedi, na uniambie au umwambie shangazi." Nunua pakiti moja mfungue pamoja muone inavyokaa, soma maelezo ya nyuma kama hujui. Siku ikifika usimwambie "sasa kaa mbali na wavulana" kabla hujamuuliza tumbo linauma au la. Mwambie alichoandika kwenye daftari ni chake, wewe utaomba kuliona tu mkienda hospitali.

Alafu hela ya pedi iingize kwenye matumizi ya mwezi pamoja na luku na gesi, iweke kwenye kopo analolijua, achukue bila kuja kukuomba.